Fungula Kinywa, Nione

Muuguzi hakumtazama Leila usoni. Alimtazama mama mkwe wake, Mama Hawa, aliyekaa mwisho wa benchi na fishi, ile kadi ya kliniki, juu ya magoti.

"Damu saba na kitu," muuguzi alisema. "Mwezi uliopita ilikuwa munane. Banamuke bengine banakunywa dawa, damu inapanda. Huyu wako anakunywa, damu inashuka. Utanielezea, mama?"

Muuguzi huyo aliitwa Kalenga, na wanawake wote wa mtaa ule wa Kolwezi walimwita Mama Kalenga, hata wale waliomzidi umri. Mikono yake ilikuwa myepesi kwa kuzalisha na watu walimwamini, lakini mdomo wake haukuwa na subira. Akachukua biki nyekundu, akaandika mstari mmoja wa Kifaransa juu ya fishi ya Leila, kisha akautafsiri kwa sauti ya kufika hadi mlangoni.

"Hakunywake dawa."

"Ninakunywa, Mama," Leila akasema chini chini.

"Unakunywa ao unatupa?"

Leila akainamia tumbo lake. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, ya kwanza, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyetoka kufua siku nzima. Pembeni yake alikaa Princesse, mke wa krezeri mmoja, wale vijana wanaochimba kobalti kwa mikono yao. Princesse alikuwa na mimba ya tatu na hakuogopa mtu.

"Dada," akasema, "kama unaziuzisha ku soko, uniambie bei. Na mi zangu ziko zinanilalia ku nyumba."

Benchi zima likacheka. Mama Hawa alihisi masikio yake yakiwaka chini ya kitambaa cha kichwa. Alikuwa mtu wa kungoja. Alingoja kicheko kiishe, akangoja Mama Kalenga afunge biki yake.

"Sikilizeni bote babili," Mama Kalenga akaendelea, na sasa sauti ilishuka. "Hapa niko na kitanda, niko na mikono, niko na maji ya moto. Damu sina. Mwanamuke wa damu saba akizalia hapa, akivuja kidogo tu, nitabaki namuangalia akienda. Sitaki ile. Wiki mbili zikipita, murudi. Kama haijapanda, namutuma ku hopitali kubwa, na mutafute watu ba kumutolea damu siku yake ikiwa haijafika. Hapa hazalie."

Kisha akamnyooshea Mama Hawa mfuko mdogo wa plastiki wenye vidonge vipya.

"Na weye, mama, ni weye njo mulinzi. Dawa zikae kwako. Ameze mbele ya macho yako. Umesikia?"

"Nimesikia," Mama Hawa akasema, na akaupokea mfuko ule kwa mikono miwili.

*

Mama Hawa alisoma hadi mwaka wa tatu wa shule ya msingi, akatolewa. Miaka ile mitatu ilimtosha kujifunza jambo moja ambalo hakuliacha mpaka uzeeni: kazi ukipewa, uiwekee alama. Alipofika nyumbani alitundika kalenda karibu na mlango wa chumba chake, akafunga kipande cha mkaa kwa uzi kando yake. Kila siku Leila akimeza, msalaba mmoja mweusi.

Kesho yake mwezi wa Ramadhani ungeanza. Mtoto wake Musafiri, mume wa Leila, alikuwa njiani na lori kuelekea Dilolo, na mvua za mwezi wa pili zilikuwa zimeifanya barabara kuwa uji. Nyumbani walibaki wanawake wawili na sufuria zao. Leila aliruhusiwa kutofunga, na Mama Hawa mwenyewe ndiye aliyemkataza kufunga. Lakini mtoto yule alikuwa na haya. Hakuweza kukaa akila mbele ya mama mkwe mwenye njaa. Mchana alikwenda nyuma ya jiko, akala viazi vya jana akiwa amesimama kama mwizi, na ukimuuliza anasema ameshiba.

Basi Mama Hawa akafikiri. Dawa kwenye tumbo tupu inachoma, hilo kila mtu analijua. Na chakula cha kweli katika nyumba ile kilikuwa kimoja tu, cha magharibi. Kwa hiyo dawa zote zingoje futari. Hapo Leila atakula bila haya kwa sababu wote wanakula, na yeye Mama Hawa atakuwa ameketi mbele yake, anaona vizuri.

Dawa zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na vile vidonge vyekundu vya damu alivyovitoa Mama Kalenga, na kulikuwa na kalsiyumu. Ile kalsiyumu Musafiri aliileta kutoka safari, ndani ya kopo refu jembamba, vidonge vikubwa kama sarafu. Ukikitia kimoja ndani ya maji kinachemka chenyewe bila moto. Aliambiwa inatia nguvu mifupa ya mtoto. Alipoileta aliitia ndani ya gilasi mbele yao wote akangoja wastaajabu, nao wakastaajabu.

Adhana ya magharibi ikisikika kutoka msikiti wa upande wa soko, Mama Hawa alifungua kwa tende, kisha akaanza kazi yake. Maji ndani ya gilasi. Kidonge cha kalsiyumu ndani ya maji, kichemke. Vidonge viwili vya damu kiganjani mwa Leila. Ameze kwa maji yale yanayochemka, dawa na dawa, zikutane zisaidiane. Baadaye kikombe kikubwa cha chai ya maziwa yenye tangawizi, kwa sababu vidonge vile vilikuwa na tabia ya kupanda kooni, na chai tamu ilivituliza.

"Fungula kinywa, nione," Mama Hawa akasema.

Leila akafungua.

"Nyanyua ulimi."

Leila akanyanyua.

"Bulongo, vizuri kabisa. Kula sasa, mutoto wangu."

Na msalaba mmoja ukaandikwa.

Siku za kwanza walicheka. Leila alikuwa akitoa ulimi nje kabisa kama mtoto mbele ya daktari. Siku ya tano hakucheka. Siku ya sita Mama Hawa aliona chozi likishuka kutoka jicho la kushoto hadi kwenye kona ya ule mdomo uliofunguliwa. Naye akajifanya hajaliona, kwa kuwa alishaagizwa, na kwa kuwa ndani yake kulikuwa na jambo la aibu ambalo hakumwambia mtu. Alianza kushuku.

Mbona mtoto huyu halali vizuri lakini mchana kutwa anasinzia? Mbona akimaliza futari anakwenda uani? Jioni moja alimfuata, akasimama karibu na mlango wa choo, akasikiliza kama kuna mtu anayejitapisha. Leila alitoka akamkuta amesimama pale.

"Mama? Unataka kuingia?"

"Hapana. Niko naangalia mvua kama itanyesha."

Mbingu ilikuwa safi. Leila akamtazama, akaelewa, akapita.

Musafiri akapiga simu kutoka njiani, sauti yake ikikatikakatika. "Mama, Leila ananililia ku telefone. Anasema unamuchunguza kama mufungwa."

"Nilipewa kazi, Musafiri."

"Najua. Lakini, Mama, munirehemu. Mi niko mu matope huku, na lori imekwama, siwezi hata kurudi."

"Unataka akuzalie ku njia ya hopitali kubwa, na weye ukiwa mu matope?"

"Hapana," Musafiri akasema. "Basi mufanye vile banasema."

Siku ya kumi Leila alimwendea mama mkwe wake jikoni, akasimama akichezea ncha ya kitenge.

"Mama, kitu ya kusema ni ya haya. Choo yangu imekuwa nyeusi. Nyeusi kama makala ya ku jiko. Ni kusema niko nakufa?"

"Hapana," Mama Hawa akasema. "Ile dawa njo iko vile. Na mi walinipa zamani." Na moyo wake ukatulia kidogo, kwa sababu choo cheusi hakiwezi kudanganya. Basi anameza. Lakini kama anameza, damu inakwenda wapi?

*

Wiki mbili zilipotimia walirudi kliniki. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, na wanawake waliokuwa benchini walikuwa na matope mekundu hadi kwenye vifundo vya miguu. Sadrack, kijana wa maabara, alimchoma Leila kidole, akaingia ndani na kioo chake kidogo, akatoka na karatasi. Hakumpa Leila. Alimpa Mama Kalenga.

Mama Kalenga akaisoma, akapumua.

"Saba. Na ile kitu ya juu ya saba imepunguka." Akavuta karatasi nyingine, ile ya kumpeleka mtu hospitali kubwa. "Mama, nilikutumainia."

"Nimemwangalia kila siku," Mama Hawa akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Kalenda yangu ku nyumba iko na misalaba kumi na ine."

"Misalaba haileti damu, mama. Anakudanganya. Banaficha chini ya ulimi, banaweka ku shavu, mi nimeona bengi." Biki ilikuwa imeshaanza kuandika jina.

Mama Hawa alimtazama Leila. Mtoto yule hakulia wala hakujitetea. Alikaa tu akiwa amekunja mikono juu ya tumbo, kama mtu aliyeshaambiwa kila kitu kibaya na hangoji kingine. Na hapo yule mwanamke wa kungoja akachoka kungoja. Akasimama.

"Mama Kalenga, simamisha ile biki."

"Nini?"

"Nasema simamisha. Niko naenda kuleta bintu byangu, nikuonyeshe vile tunafanya. Ukiona amedanganya, uandike. Nyumba yangu iko barabara ya pili tu."

"Niko na banamuke makumi mbili hapa, mama."

"Nao bataangalia. Batanicheka, mi nitawaachilia bacheke."

Akatoka. Alitembea juu ya matope na viatu mkononi, akiwa na njaa ya mchana na kiu ya mchana, akisema peke yake. Nyumbani alipasha maji, akatia chai kwenye termosi, akachukua kopo la maziwa ya unga, sukari, kikombe kikubwa, gilasi, kopo la kalsiyumu na mfuko wa vidonge. Akaing'oa kalenda ukutani, akaviweka vyote ndani ya kikapu, akarudi.

Wanawake walikuwa wanamngoja. Hata mmoja hakuwa ameondoka, na wawili walikuwa wameshapimwa zamani.

"Mama ameleta duka," Princesse akasema.

Mama Hawa akavipanga vitu juu ya meza ya Mama Kalenga, kimoja kimoja, kwa utaratibu wa kila siku. Akatia maji katika gilasi. Akadondosha kidonge kikubwa, nacho kikaanza kuchemka na kupiga mapovu, na benchi lote likainama mbele kutazama. Akampa Leila vidonge viwili.

"Meza."

Leila akameza kwa maji yale yenye mapovu.

"Fungula kinywa, nione. Nyanyua ulimi. Mama Kalenga, kuja uone na weye."

Mama Kalenga akainuka, akainama, akachungulia. Hapakuwa na kitu.

"Bon. Amemeza," akakubali.

"Kiisha hii." Mama Hawa akamimina chai, akakoroga maziwa vijiko vinne. Harufu ya tangawizi ikajaa chumba.

"Na weye hauonje, mama?" Princesse akauliza. "Mi ningeonja."

"Mi niko na funga. Kunywa, Leila." Leila akanywa. "Kiisha chakula. Na choo yake, Mama Kalenga, kama unataka na ile, ni nyeusi. Nyeusi kama makala. Ameniambia mwenyewe."

Kicheko kikalipuka. Leila akajifunika uso wote kwa kitambaa. Lakini Mama Kalenga hakucheka. Alikuwa ameiweka biki chini.

"Nyeusi," alisema taratibu. "Donc, basi inaingia."

"Si njo ile ninakuambia tangu asubui?"

"Inaingia. Kiisha inatoka yote." Aliitazama gilasi, ambayo chini yake bado mapovu madogo yalikuwa yanapasuka. Akakitazama kikombe. "Mama, kila siku ni hivi? Hii, na hii, na hii, saa ileile moja?"

"Saa ileile. Zisaidiane."

"Na mbele ya Ramadhani? Leila, mama akiwa hajaanza kukulinda, ulikuwa unameza na nini?"

"Na chai ya asubui," Leila akasema ndani ya kitambaa. "Ya maziwa. Na ile ya kuchemuka."

Mama Kalenga akakaa. Akakisukuma kikombe kando.

"Mama, haikuwa uongo," akaanza. "Sikiliza. Mu matumbo kuna mulango mudogo. Dawa ya damu inataka kupita pale. Kalsiyumu nayo inataka kupita palepale, na ni nene, inasukuma mwenzake inabaki inje. Maziwa vilevile, sababu maziwa iko na kalsiyumu. Na chai ni mubaya zaidi. Chai inaikamata dawa ya damu inaifunga, inakwenda nayo mupaka chini. Njo ile nyeusi munaona. Dawa yote iko mu choo."

Mama Hawa alisikia. Alisikia kila neno, na kila neno lilimfikia polepole kama maji yanayopenya kwenye ukuta wa udongo.

"Kusema," aliuliza, "ni mi nilikuwa naifukuza?"

"Ni weye na kikombe yako. Na ni mi. Sisi tunapana ile sashe ya vidonge, tunasema kunywa kila siku, kunywa kila siku. Hatusemi na nini. Hatusemi saa gani." Akavuta fishi ya Leila, akachukua biki na kuufuta ule mstari mwekundu kwa mistari miwili, kisha akainua sauti, ileile ya kufika hadi mlangoni. "Huyu mwanamuke alikuwa anakunywa dawa. Mwenye alimucheka amuombe musamaha."

Princesse akajikuna shingo. "Dada, usamehe. Mi kinywa yangu haina mulango kabisa."

Leila akateremsha kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tano Mama Hawa kumwona akitabasamu, na tabasamu lile lilimchoma kuliko machozi.

Mama Kalenga aliwapa wiki nne. "Karatasi ya hopitali inabaki mu droo yangu, siitupi. Akikosa pumuzi ao moyo ukipiga mbio, musingoje siku, mukuje hata nikiwa nimelala. Sasa musikie saa. Dawa ya damu peke yake, kati ya asubui na muchana, tumbo ikiwa nyepesi, na maji na mapera. Mapera iko na vitamini ya kufungula ule mulango. Chai, hapana mupaka masaa mbili ipite, na mbele ya dawa vilevile. Kalsiyumu iende mangaribi, na chakula. Tumbo ikimuuma na dawa, akule kipande ya muhogo, si maziwa."

"Nirudilie," Mama Hawa akasema, na akayarudia yote mara mbili, akikosea mara ya kwanza.

*

Nyumbani siku ile Mama Hawa alitwanga, akafagia, akaswali, akapika futari, akaiweka kalenda chini uso ukitazama ukuta. Simu ilipolia aliichukua yeye mwenyewe kabla ya Leila.

"Musafiri, sikiliza. Damu ya muke yako ni mi nilikuwa naishusha. Mi na chai yangu."

Akamweleza yote. Upande wa pili ulisikika mlio wa injini za watu wengine.

"Mama," Musafiri akasema, "na ile ya kuchemuka nani aliileta?"

"Weye."

"Basi tuko babili. Usibebe peke yako."

Kesho yake, watoto wa shule ya jirani walipotoka nje kucheza, na kelele zao zikaruka ukuta, Mama Hawa alijua ni saa nne. Alileta sahani ya mapera aliyoyanunua kwa mwanamke wa njia panda, mapera mekundu ndani, ameyakata vipande vinne vinne. Alileta maji na vidonge viwili. Aliviweka mbele ya Leila juu ya mkeka. Kisha akageuka, akakaa akimpa mgongo, akitazama uani ambako hapakuwa na cha kutazama.

Alisikia maji yakimezwa.

"Mama, hauangalie?"

"Siangalie tena."

"Nimemeza."

"Najua." Alitafuta maneno. Maneno ya kumwomba mkwe msamaha hakufundishwa na mtu, wala hakuwahi kuyasikia kwa mama mkwe wake mwenyewe. "Ile siku ya mvua, pale ku choo. Mvua haikukuwa."

"Nilijua, Mama."

"Nilisimama kukusikiliza. Ni mubaya. Mutu muzima hafanyi vile. Unisamehe."

Mama Hawa alimsikia Leila akitafuna, mbegu za pera zikipasuka kati ya meno.

"Mi nilikuwa nafikiri unataka nirudi kwetu," Leila akasema. "Nilikuwa nalala, nafikiri, sasa banatafuta sababu."

Hapo Mama Hawa akageuka.

"Kwenu wapi? Kwenu ni hapa."

"Basi kaa vizuri, nikuone. Siwezi kukula na mugongo ya mutu."

Naye akakaa vizuri, na mwanamke mwenye funga akamtazama mwenye mimba akimaliza sahani nzima mbele yake, kipande kwa kipande, bila haya, hadi maji ya mapera yakamtiririka kidevuni.

Tangu siku ile nyumba ilikuwa na nyakati tatu. Kelele za watoto wa shule, dawa ya damu na mapera. Adhana ya adhuhuri, hapo chai inaruhusiwa. Adhana ya magharibi, gilasi ya mapovu na chakula. Siku shule haikufungua, Mama Hawa aliangalia simu. Siku ya Idi ilikuwa vita. Walitembelea nyumba nne kabla ya adhuhuri, na katika kila nyumba walipokelewa kwa chai ya maziwa, na katika kila nyumba Mama Hawa aliweka kiganja juu ya kikombe cha Leila.

"Huyu hapana. Adhuhuri haijafika."

"Mama Hawa, leo ni siku kuu. Tone tu."

"Tone inatosha kumupeleka ku hopitali kubwa. Munipe mi, nitakunywa zake na zangu."

Akanywa vikombe vinane siku ile, na usiku mzima hakupata usingizi.

*

Wiki nne zilipofika, Musafiri alikuwa amerudi na alitaka kuwasindikiza. Mama Hawa alimkataza. Alisema kama ni habari mbaya wataileta wenyewe nyumbani, haitaki kushuhudiwa na wanaume. Ukweli ni kwamba hakulala, na hakutaka mtoto wake ajue anavyoogopa.

Sadrack akachoma kidole, akaingia, akakawia. Alikawia kuliko siku nyingine zote. Alipotoka, Mama Kalenga aliisoma karatasi, akairudisha.

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili, Mama."

"Pima ya tatu."

Leila akatoa kidole kingine. Mama Hawa alikuwa ameshika ukingo wa benchi, na midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti. Hata Princesse, ambaye tumbo lake sasa lilikuwa limefika magotini, hakuwa na mzaha. Mlango ukafunguka.

"Ileile," Sadrack akasema.

"Tisa na nusu," Mama Kalenga akatangaza, "na kitu juu." Alivuta droo, akatoa ile karatasi ya hospitali kubwa iliyoandikwa nusu jina, akaichana mara mbili. "Utazalia hapa, Leila. Kitanda ya karibu na dirisha. Na mapera unaendelea, usinidanganye."

Mama Hawa alitaka kusema Alhamdulillahi, na alipofungua mdomo kilichotoka kilikuwa kicheko, kicheko kirefu cha msichana, kilichomwinamisha mpaka paji la uso likagusa magoti. Wanawake wakaanza kucheka pamoja naye bila kujua wanacheka nini. Princesse akajisogeza karibu.

"Mama, mi bado nakunywa zangu na chai. Ulisema ni saa ngapi?"

"Batoto ba shule bakitoka kucheza," Mama Hawa akasema akijipangusa macho. "Na mapera. Kiisha ungoje adhuhuri."

"Mi niko mukristu."

"Basi ungoje njaa ya muchana. Ni saa ileile."

Walitoka nje. Mvua ilikuwa imeisha siku nyingi, barabara imekauka, na malori yaliyobeba mawe ya kobalti yalipita yakiinua vumbi jekundu. Njia ya kurudi nyumbani inapanda kidogo. Leila alishika fishi yake kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, akawa anaeleza jinsi atakavyomwambia Musafiri: ataingia amenyamaza kwanza, uso mzito, amwache aogope kidogo kwa ajili ya ile dawa yake ya kuchemka. Alieleza akitembea, na akitembea akawa anaongeza hatua, na sauti yake ikawa inatoka mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Mama Hawa alikaza mwendo. Akakaza tena. Pumzi ikamwishia katikati ya mpando, akasimama na mkono kiunoni, akaangalia mgongo wa mkwe wake ukipanda mbele yake na vitenge vyake vikipepea.

"Leila," akaita. "Leila, mutoto wangu, ningojee."